Mayai ya Mkamwana

Mama mkwe alikuwa na mzio wa mayai, na mayai yenyewe yalikuwa yangu. Asubuhi moja nilimkaangia mawili. Kabla ya adhuhuri akavimba uso, akakosa pumzi, nusura tumzike. Kwamba katikati hapo alipitia zahanati kuchomwa sindano ya jipu, hilo halikumshughulisha mtu. Wifi yangu aliutangazia ukoo mzima kuwa nimemlisha mama yao sumu. Tangu hapo yai halikuingia jikoni kwangu. Hata keki ya mwanangu niliipika bila yai, ikatoka ngumu kama tofali.

Sasa mama mkwe alikuwa amelala nje ya chumba cha upasuaji, akisubiri kutolewa mawe ya nyongo. Daktari wa usingizi akaja na maswali yake.

"Mama, kuna dawa inayokudhuru?"

"Dawa, hapana. Mayai ya huyu," akasema, akininyooshea kidole.

"Mayai hayanitishi. Dawa yangu ya usingizi ina mafuta kidogo ya kiini cha yai, na wenye mzio wa mayai kwa kawaida hawadhuriki nayo. Naogopa zaidi antibiotiki, na muuguzi ameshaiandaa. Siku mayai yalipokudhuru, ulichomwa sindano yoyote?"

"Alichomwa!" nikadakia. "Ya jipu."

"Basi huenda ilikuwa antibiotiki kama hii. Niambie kweli, mama. Tangu siku hiyo umewahi kula yai?"

Mama mkwe, ambaye hunyamaza akiwa usingizini tu, akatazama dari. Nilimjua: alikuwa tayari kufa kuliko kuumbuka mbele yangu.

"Mkamwana atoke kwanza."

"Sitoki ng'o," nikasema, machozi yakinilenga. "Sema tu, mama. Nitakucheka ukishapona."

Akafumba macho. "Nakula. Kwa jirani. Kila Jumamosi."

Daktari akaagiza antibiotiki ile irudishwe, iletwe ya aina nyingine kabisa.

Aliamka salama. Ukoo ulipojaa wodini, wifi akiwa mbele, mama mkwe akainua mkono, wakanyamaza.

"Ilikuwa sindano," akasema kwa sauti ya hakimu. "Mayai hayana kosa."

Wote wakashusha pumzi. Wakayasifu mayai, jinsi yanavyojenga mwili. Wifi akasema yeye tangu mwanzo hakuamini kuwa yai linaweza kumdhuru mtu. Mimi nilikuwa palepale, nimemshikia mgonjwa beseni la kutapikia.