Kabla Injini Haijapata Moto

Kaka alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkongojo wake katikati ya magoti, nami nimesimama nje ya mlango wa dereva na ufunguo mkononi. Umande ulikuwa bado umelala juu ya boneti. Niliweka kiganja pale, kama nilivyozoea, na bati likanipa baridi yake.

"Tunangoja nini?" aliuliza. "Daktari wa macho hangoji mtu."

"Hatungoji kitu, kaka."

Ilikuwa kweli. Siku nyingine nikiwa na mgeni wa kumpeleka mahali, nilikuwa natangulia kutoka, nikaliwasha gari peke yangu, nikakanyaga eksileta hadi injini ipate moto, ndipo nimwite mgeni. Asubuhi ile sikufanya hivyo. Nilitaka kaka alikute gari kama nilivyolikuta mimi siku aliyokufa mama.

Mama alikuwa akiishi na mimi. Aliniamsha kwa kugonga ukuta, maana pumzi ilimbana na sauti haikutoka. Nilimbeba hadi kwenye gari. Gari likawaka, likatetemeka kama mtu mwenye homa, likazimika. Nikaliwasha tena, likazimika tena. Lilipokubali kunguruma nikaingiza gia, na pale getini likafa kabisa, pua nje, mkia ndani. Majirani walikuwa bado wamelala; nililiwasha na kuliwasha hadi likaondoka. Lilipofika hospitali lilikuwa limeshapata moto, linateleza kama maji, na mkono wa mama ulikuwa umelegea juu ya paja langu. Muuguzi alinitazama akasema, kwa upole tu, laiti mngewahi kidogo.

Kaka alifika mchana, jua likiwa utosini. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa familia; kwenye gereji yake, katika mji mwingine, watu walipanga foleni. Nilimweleza yaliyotokea. Alipita kati ya watu waliokaa msibani, akaniomba ufunguo, akaliwasha gari lililokuwa limeshinda juani. Likawaka mara moja, likatulia, ungeweza kuweka glasi ya maji juu ya injini na tone lisimwagike. Alilisikiliza kwa muda, akalizima.

"Gari hili halina ugonjwa," alisema, watu wote wakisikia. "Gari halipitiwi na usingizi. Anayepitiwa ni mtu."

Tangu utotoni naitwa Taratibu. Nilichelewa kutembea, nikachelewa kusema, na nikitumwa chumvi walikuwa wakisema bora wapike bila chumvi, nitaikuta familia imeshalala. Kwa hiyo maneno ya kaka hayakuhitaji shahidi. Yaliingia masikioni mwa watu kama mguu kwenye kiatu ulichokizoea. Dada yetu alilia, akanipa mgongo. Nami ningesema nini? Fundi ameshasema, na wakati ule mimi sikujua hata plagi zinakaa upande gani.

Baada ya msiba nyumba ikawa kubwa. Mlango wa chumba cha mama niliufunga, kisha nikaufungua, kwa kuwa ukiwa umefungwa ulikuwa kama mtu aliyeninunia. Ndugu walipiga simu kwa nadra, salamu za mbiombio, "haya, tutaongea." Nikaanza kuamka kabla ya jua na kwenda kukaa na gari.

Nililipeleka kwa mafundi. Kila mmoja alilipokea likiwa na moto wa njiani, akaliona zima, akabadilisha alichopenda kubadilisha. Mwishowe nikaamua kujifunza mwenyewe. Injini ikiwa baridi inasema kweli kwa dakika chache tu. Ikishapata joto inajifanya haikujui. Ukikosea swali, urudi kesho. Basi nikawa naiuliza swali moja kila asubuhi. Leo plagi. Kesho nyaya zake. Kesho kutwa kabureta. Nikishindwa nilinawa mikono, nikanywa chai nikiwa nimesimama, nikaenda kazini. Sikuwa na mtu wa kumwambia hata habari ndogo kama hiyo, kwamba si plagi.

Asubuhi moja nilitoboa kizibo cha chupa ya maji, nikawa nadondosha maji juu ya kila mpira unaopitisha hewa. Nilipofika kwenye mpira mmoja mnene, upande wake wa chini ambao jicho halifiki, injini ilikohoa, ikatulia, kisha maji yalipokauka ikarudi kutetemeka. Nikapapasa. Palikuwa na ufa. Mpira ukiwa baridi ufa ulikuwa wazi, unavuta hewa isiyotakiwa na kuizima injini. Mpira ukipata joto ulilainika, ufa ukajifumba wenyewe, na hakuna ambaye angejua.

Mpira kama ule unauzwa kila duka la vipuri. Ningeweza kuubadilisha siku ileile, nisitetemeshwe tena. Sikuubadilisha. Siku ningeutoa, ningekuwa nimeutoa na ukweli wangu, na mtu niliyetaka auone alikuwa haji kwangu.

Nilimpigia simu. "Kaka, nimelijua tatizo la gari."

"Bado unalo tu gari hilo? Liuze, bwana." Akauliza kama mvua zimeanza kwetu. Nikamwambia bado. Tukaagana.

Miaka ikaenda hivyo, mimi na ufa wangu, hadi macho yakamleta. Hospitali ya macho ilikuwa mji wetu, na dada akamwambia ni aibu kulala hotelini wakati ana mdogo wake hapo. Alifika jioni, akiwa mzee kuliko nilivyomtarajia, akagusa kuta kama anazihesabu. Tulikula. Nilimtandikia kitanda cha mama.

Sasa, asubuhi ile, nikaingia kwenye gari, nikazungusha ufunguo.

Likawaka, likaanza kutetemeka. Vioo viligonga kwenye milango. Likazimika.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Washa tena."

Likawaka, likazimika. Kaka akainua kichwa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na vivuli tu, lakini masikio yalikuwa yaleyale ya gereji.

"Ingiza gia," alisema polepole. "Lipeleke getini."

Nikalipeleka. Likafia pale linapofia siku zote.

Alifungua mlango wake. Akatembea akishika bati hadi mbele, akagonga boneti nimfungulie. "Washa. Likanyage kidogo lisife." Nilitoa kichwa dirishani nimwone. Vidole vyake vilipita juu ya injini bila haraka, vikaingia chini ya ule mpira mnene, vikasimama. Akauziba ufa kwa kidole gumba. Injini ikatulia.

Akaondoa kidole, ikatetemeka. Akakirudisha, ikatulia. Alirudia na kurudia, zaidi ya anavyohitaji fundi yeyote kuamini.

Jirani alitoka na ndoo yake. "Taratibu! Leo tena? Si ulifugie kuku tu hilo gari!"

"Gari ni gonjwa," kaka alimjibu, bila kugeuka. "Lina ugonjwa siku nyingi. Huyu hana kosa."

Jirani akacheka, akidhani ni utani, akaenda zake. Nikazima injini, nikashuka, nikaenda kusimama karibu na kaka.

"Ulijua lini?"

"Zamani."

"Na hukuubadilisha."

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Aliufuta mkono kwenye suruali yake safi ya kwendea hospitali. "Nililiwasha mchana," alisema. "Fundi mzima mimi, nikaliwasha mchana, jua linawaka." Sidhani kama alikuwa akiniambia mimi. Maneno niliyokuwa nimeyatunza kwa ajili ya saa hiyo niliyatafuta, nikayakosa. Na nilichokisikia mahali yalipokuwa hakikuwa furaha. Kilikuwa kama chumba ambacho vyombo vimehamishwa.

Tulirudi kukaa ndani ya gari. Niliwasha, nikalishikilia, tukangoja lipate moto. Hakunihimiza tena habari za daktari.

"Mama alikaa wapi?"

"Hapo ulipokaa."

Aliweka viganja kwenye kiti, pande mbili za mapaja yake. "Alisema nini?"

Watu waliniuliza tuliondoka saa ngapi. Waliniuliza kwa nini sikuita jirani. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Hakuweza kusema," nilimwambia. "Nilikuwa nimevaa shati kwa haraka, vifungo vimepishana. Basi kila gari lilipozimika, yeye ananivutia kwake, ananifungua kifungo na kukifunga panapostahili. Kimoja kimoja. Kama ninakwenda shule."

Kaka alipapasa vifungo vya shati lake.

"Alivimaliza?"

"Hapana," nikasema. "Gari lilikubali kwenda."