Neno Moja Ukutani

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Tangu alfajiri yalianguka manyunyu mepesi, yale ya kumlowesha mtu bila kumwambia. Jiwe jipya kwenye ukuta wa maktaba, iliyojengwa palipokuwa shamba la watumwa, lilikuwa limefunikwa kwa shuka ya kijani. Mwenyekiti wa kamati aliinua pembe ya shuka, akasoma, akaishusha taratibu kama mtu aliyechungulia chumba cha mkwewe.

"Patasi," alimwita mchongaji. "Njoo unisomee."

Kwa miaka thelathini mama huyu alichonga majina ya marehemu bila kujua kusoma. Alinakili herufi kama mtu anavyonakili ua, na hakuwahi kukosea. Alipofika miaka sitini na moja akajiunga na masomo ya jioni. Hili ndilo jiwe lake la kwanza aliloelewa linasema nini.

Alisoma kwa kidole: "Watumwa wa shamba hili walijikomboa na Bwana Mkubwa."

"Na karatasi niliyokupa?"

Aliitoa mfukoni. "Walikombolewa na Bwana Mkubwa."

"Unaona sasa. Mimi nimesema babu wa babu yangu aliwakomboa. Wewe umeandika walimkimbia."

"Hiyo 'na' ni ile ile, Mwenyekiti. Sikuigusa."

"Usinichezee, mama."

Hakuwa anamchezea. Wiki iliyopita mwalimu alikuwa amewafundisha "ji": amejikata, amejificha, amejiosha. Kesho yake, kabla ya kushika nyundo, Patasi aliomba kama kawaida yake, Mungu amwongoze mkono. Kisha akamkumbuka bibi wa bibi yake, ambaye siku ya mavuno alitua kikapu katikati ya shamba, akaondoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja mpaka msimu ukaisha. Miaka miwili baadaye Bwana Mkubwa alitia saini karatasi ya kuwaachia huru watumwa wake wote, na siku hiyo shambani walikuwapo yeye na mbwa wake tu. Basi mkono ukachonga. Kama lilikuwa kosa au jibu la maombi, Patasi hakuthubutu kuuliza.

"Saruji imeshakorogwa," Mwenyekiti alisema, akionyesha ndoo. "Ziba neno zima. Usipoziba, katika mji huu huchongi tena hata nukta."

Patasi aliitazama ndoo. Kazi nyingine hakuwa nayo.

"Kaburi la bibi yule hatulijui," alisema. "Jiwe lake ni hili. Ziba wewe, baba. Mwiko huo hapo."

Wageni wakaingia kabla Mwenyekiti hajajibu. Mgeni rasmi, mama mnene mwenye miwani, alivuta shuka, akasoma kwa sauti. Akasoma tena.

"Nimezindua mawe mengi," alisema. "Sijaona ukoo uliokubali kuandika kwamba babu yao alikimbiwa. Mwenyekiti, una moyo."

Makofi yalianzia nyuma, yakasogea mbele. Mwenyekiti alimtazama Patasi, akaisukuma ndoo kando kwa kiatu, akasafisha koo.

"Neno hili," alisema, "nimeliruhusu mimi mwenyewe."

"Damu ni ile ile," Patasi alimnong'oneza jirani yake. "Na huyu naye, kama babu yake, katia saini jambo lililokwisha."

"Na ninaahidi mbele yenu nyote," Mwenyekiti aliendelea, mkono kifuani, "maadamu niko hai, hakuna atakayeligusa."