Kuku wa Hitima

Zahara alitumwa kwa Maalim Abdulghani na kuku ndani ya gunia, wachinjwe kwa ajili ya hitima ya marehemu babu yake. Njia yenyewe si ndefu, unapita soko la Kamwokya unafika. Lakini siku hiyo vijana walikuwa wakipiga video ya wimbo nyuma ya soko, na binti wa miaka kumi na mitano ana macho. Akaliweka gunia chini, juani, mdomo ameufunga kwa kamba, akasema atazame kidogo tu. Hiyo kidogo ndiyo inayotumalizia watoto.

Alipofungua gunia, shingo zilikuwa zimelegea. Wamekufa wote.

Sasa hapo mtoto wa Kiislamu haulizi. Kuku aliyekufa mwenyewe ni kibudu, hachinjiki tena. Angerudi nyumbani akalia, yangeisha. Lakini mama yake, Rahima, alikuwa na mkono mzito, na wageni wako njiani. Zahara aliazima kisu kwa muuza mihogo, akaenda nyuma ya choo cha soko, akawakata shingo maiti wale. Damu haikuruka. Ilitoka nzito kama uji.

Uani kwao alimkuta Kavugho na maji ya moto. Huyu Kavugho alikuwa rafiki yake tangu wakiwa wadogo. Mama yake, Esperance, alikimbia vita Kongo, na Rahima akampa baraza ya duka lake aweke cherehani. Siku za shughuli Kavugho alikuja kunyonyoa kuku bila kuitwa.

Alimshika wa kwanza akasita. "Zahara, hawa ni baridi."

"Nyamaza. Nakuomba."

"Maalim ndiye amechinja?"

"Kavugho, nakuomba kwa Mungu wako."

Kavugho alimtazama, kisha akawatumbukiza kuku katika maji ya moto.

Aliyegundua ni Bi Taqwa, mpishi. Alikwishatia sehemu sufuriani, akakata paja jingine, akaona damu nyeusi imeganda kwenye mifupa. Akaitwa Maalim, naye akasema hajaletewa kuku yeyote. Wanawake wote wakamgeukia Zahara. Mdomo wake ukasema kabla moyo haujafika: kwamba gunia alimpa Kavugho alipeleke.

Ilikuwa rahisi mno kuaminiwa. Mtoto Mkristo, tena wa Kikongo, atajua nini? Kavugho alimkazia Zahara macho, na Zahara akatazama ndoo.

Mchuzi ulimwagwa shimoni. Wageni walikula wali na maharage, na Rahima akapita kati yao kichwa chini kama mwizi. Asubuhi yake alimwambia Esperance aondoe cherehani barazani. Esperance hakubishana. Alijitwika kichwa cha mashine, Kavugho akabeba meza nyuma yake, na Zahara akawachungulia kupitia pazia la duka.

Tangu hapo alichoka uchovu usiotibika kwa kulala. Shuleni nafasi ya Kavugho ilibaki wazi. Walisema wamehamia Kabalagala, mama anashonea nje ya baa, na binti anaosha chupa uani kwa mwenye baa. Na nyie mnaijua Kabalagala, na mnajua wanaume wa baa wanavyomwita msichana anayeosha chupa.

Alhamisi moja wanawake walikuwa kwa Rahima baada ya kisomo, Zahara akigawa chai. Bi Taqwa akaanza tena hadithi ya kuku, akasema Wakongo wale hata nyoka akijifia njiani wanasema bismillahi na kula. Wakacheka. Zahara akaweka birika chini.

"Ni mimi," alisema. "Walinifia kwenye gunia. Nikawakata mwenyewe. Kavugho nilimsingizia."

Rahima alingoja wageni waondoke, mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao bila kumtazama. Kisha akakaa kwenye mkeka.

"Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

"Ungenipiga, mama."

"Ningekupiga, ndiyo. Ningekupiga na yangeishia hapo." Akajifuta uso kwa mtandio. "Lete viatu vyangu."

Walimkuta Esperance chini ya bango la bia, ameinamia suruali ya mtu. Rahima alisema yote amesimama, bila kujitetea, akamwomba arudi barazani. Esperance akamaliza mshono kwanza.

"Mama Zahara, tulihama Butembo, tukahama kambini, tukahama na kwako. Mie nimechoka kuhama. Nitarudi, maana mtoto hawezi kukua hapa. Lakini usiseme nimesahau."

"Sitasema," alijibu Rahima.

Zahara alikuwa ameshazunguka uani. Kavugho alikuwa amechuchumaa mbele ya karai, mikono imechubuka kwa sabuni.

"Nimewaambia," Zahara alisema. "Wote."

"Nilingoja useme siku ile. Nilikutazama."

"Nilikuona."

"Najua uliniona."

Kreti zilikuwa bado zimepangwa hadi dirishani, na mwenye baa hakuwa mtu wa kuachiwa kazi nusu. Kavugho akachukua chupa nyingine. Zahara alikunja mikono ya gauni lake, akachuchumaa upande wa pili, akaanza kuosha. Kavugho hakumkataza wala hakumkaribisha. Baada ya muda alilisogeza karai kidogo, likawa katikati.