Kabati la Nne, Rafu ya Sita

Siku ile nilishuka ufukweni alfajiri, si kwa ajili ya pweza bali kwa ajili ya wazungu kumi na wanne. Saa tatu wangefika kutoka hoteli moja ya Diani, na Mutinda, mtembezaji wao, aliniahidi kuwa safari hii mimi ndiye nitakayetangulia, yeye afuate nyuma akitafsiri. Basi nikataka kuona bamvua, maji makubwa ya usiku, limeiacha vipi njia: wapi mchanga unatitia, wapi mwani unateleza. Anayeongoza watu haendi kwa kubahatisha.

Jabali letu la hapa Msambweni limejaa viumbe wa baharini waliogeuka mawe zamani, kabla ya babu zetu na babu zao. Mutinda huwaita visukuku. Mimi nimewaona tangu utotoni nikifuatana na mama kuvua pweza, ila hakuna aliyeniambia wana thamani mpaka alipokuja yeye, kijana wa Kikamba aliyeajiriwa hotelini kuwatembeza wageni. Miaka miwili nilimwokotea mawe hayo. Kila moja nililitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha iliyobaki harusini kwa mdogo wangu. Naye alisema anayapeleka makumbusho ya Nairobi, yakawekwe na jina langu: Mwanarusi wa Msambweni.

Jiwe langu la maisha lilikuwa kaa. Mvua za El Nino zilipobomoa ukingo wa jabali nilimkuta amelala chali, miguu yote minane na magando mawili, hakupungua kitu. Nilimfunga kwenye leso nikamkabidhi Mutinda kwa mikono miwili. Wiki mbili baadaye akaniletea karatasi yenye mhuri wa buluu, akasema imetoka makumbusho. Juu ilikuwa imekatwa kwa mkasi, nami nikadhani ndivyo karatasi za ofisi kubwa zilivyo. Kiingereza sikijui, nasoma Kiswahili changu na Kurani yangu. Tarakimu alinionyesha kwa kidole: hii nne ni kabati, hii sita ni rafu. Nikapika mahamri nikaalika mtaa mzima. Karatasi nikaitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika sebuleni, na kila Ijumaa nikaifuta vumbi.

Sasa, asubuhi ile, hatua chache tu kutoka mwanzo wa njia nikamwona chaza wa jiwe juu ya mchanga uliotoka kuoshwa na maji. Mbele yake konokono wa jiwe. Mbele tena mwingine. Bahari haipangi vitu hatua tatu tatu, na kando yake zilikuwapo nyayo za viatu vya raba. Nikamgeuza yule chaza. Chini alikuwa amekwanguliwa kwa kisu, lakini kwenye mkunjo ulibaki wekundu wa rangi ya kucha.

Niliokota kumi na moja. Nilipoinua uso Mutinda alikuwa mbele yangu na kikapu cha ukindu, tena kile nilichomsukia mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikuwa nakipikia chai.

"Shikamoo, Mama Twaiba," alisema.

Nikamnyooshea yule chaza. "Haya ni mawe yangu."

"Ni yako, mama. Lakini sikiza kwanza. Tangu zile fujo za mwaka wa tisini na saba wageni wamepungua sana. Hawa wakitembea masaa mawili wakose kuokota kitu, wataambia wenzao huku ni bure tu. Mtu akiokota mwenyewe anafurahi. Si tunasaidiana?"

"Uliniambia yapo Nairobi."

Akatazama viatu vyake. "Yalikuwa stoo ya hoteli."

"Na kaa wangu?"

"Kuna mzee mmoja Mjerumani, Desemba iliyopita. Alimpata pale kwa ule mwamba mrefu. Alilia kwa furaha, mama. Ungemwona."

Nilimwona. Siku ile nilikuwa nyuma, nimebeba madafu ya wageni, nikaona kwa mbali mzungu mzee anarukaruka. Nikafurahi kwamba mgeni wetu amepata bahati. Nikampigia vigelegele. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilimpigia vigelegele mtu aliyekuwa akiondoka na kaa wangu.

"Na ile karatasi ni ya nini?" nikamwuliza.

"Mama, wageni wako njiani. Tafadhali rudisha mawe."

Nikayafunga lesoni nikarudi nyumbani. Binti yangu Twaiba, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa anaosha vyombo. Nikaiangua fremu ukutani nikamwekea mbele yake.

"Nisomee."

Akafuta mikono taratibu. Karatasi hakuitazama. "Mashuka manne," akasema, macho yakiwa sakafuni. "Taulo sita. Ni ya dobi wa hoteli, mama."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya mahamri. Ulikuwa umefurahi sana. Nikaona bora nikusitiri."

Nikakaa kitako. Mwalimu Sharif alikuja siku ile, akavaa miwani, akaisoma karatasi mpaka mwisho, akasema mashaallah. Nesi Biasha hukaa chini ya fremu ile kila Idi. Nikaanza kuwataja kimoyomoyo wote wanaojua Kiingereza waliopita sebuleni kwangu, nikaona ni wengi. Wote walinisitiri. Na huyu Twaiba ni mimi niliyemfundisha kwamba aibu ya mwenzio hufunikwa. Mutinda alinidanganya kwa karatasi moja. Hawa walinyamaza mwaka mzima na zaidi, nami nikiwamiminia chai. Iliniuma kuliko kaa mwenyewe.

Hodi ikapigwa. "Mama Twaiba," Mutinda akaita mlangoni, "wageni wamefika. Wanamtaka kiongozi."

"Anakuja," nikamjibu. Kisha nikamwambia binti yangu, "Vaa buibui. Leo wewe ndiye utakayetafsiri."

"Mama, Mutinda yupo."

"Nimesema wewe."

Wageni walikuwa wamesimama ufukweni na kofia zao na vifuko vyao vitupu. Nikawasalimu, Twaiba akatafsiri. Nikawaambia naitwa Mwanarusi, na kwamba kabla hatujaanza safari nina kitu cha kuwaonyesha. Nikamkabidhi Twaiba ile fremu.

"Wasomee. Yote, na kwa sauti. Kisha waambie nilipewa hiyo badala ya kaa wangu."

"Mama, watu watatucheka."

"Mwaka mzima wamenicheka kimyakimya. Soma."

Mutinda akanong'ona jina langu, mara ya kwanza tangu tujuane bila kuniita mama. Twaiba akaanza kusoma. Mwanamke mmoja wa mbele akacheka kidogo, akidhani ni mzaha, kisha akaniona uso, akashusha kifuko chake kitupu.