Kata ya Madungu

Kila Kudra alipoifungua ramani ile, kidole chake kilipotea njia. Mpaka wa kata mpya ulitoka barabara kuu, ukapita nyuma ya shule, ukaingia katikati ya kijiji cha Ngulungu, ukaacha nyumba tatu hapa na kuzoa nne pale, kisha ukateremka bondeni hadi kwenye mikoko. Ulifanana na utumbo wa kuku uliomwagwa kwenye sinia. Aliyeuchora alijua vizuri nyumba gani inapigia kura chama gani.

Ngulungu ilikuwa imewapa wapinzani diwani mara mbili mfululizo. Sasa nusu yake imekatwa na kufungwa kwenye kata mpya, ili kura zake zisitoshe huku wala kule. Lakini kata haizaliwi bila watu, na bondeni hakai mtu. Basi kamati ya mipaka ikahesabu mapaa kwenye picha iliyopigwa kutoka angani mwezi wa tano, ikapata mia mbili na kumi na mawili, ikaandika kuwa ni kaya mia mbili na kumi na mbili. Kumbe yalikuwa madungu, vile vibanda vya miti vinavyoinuliwa juu ya mashamba ya mpunga, ambamo watu hulala msimu wa kufukuza ndege na nguruwe, wakishavuna hurudi kwao. Wenye madungu walikuwa ni wale wale wa Ngulungu. Walihesabiwa mara mbili ili wapate kugawanywa.

Mgeni angeweza kukosea. Abdulrazaq, katibu wa kamati, hakuwa mgeni. Mama yake alimzaa juu ya dungu, katikati ya mavuno, na habari hiyo alikuwa akijisifia nayo kila harusi.

Wanakijiji wakaenda mahakamani. Wakili wao alikuwa Purvi Velji, binti wa wenye duka la vitambaa Ikwiriri. Kudra, mzaliwa wa Ngulungu mwenye stashahada ya sheria, alikuwa karani wake. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mbele ya Jaji hata hiyo ndogo ilimpotea, kwa hiyo aliandika tu na kumwachia Purvi kusema. Kesi ilipobaki na swali moja, kama bondeni kuna watu au hakuna, Jaji akasema, "Twendeni tukaone."

Walikwenda mwezi wa tisa, mpunga umeshakatwa zamani. Boti ilipokata kona, Kudra akaona moshi. Dungu baada ya dungu lilikuwa na watu, mikeka mipya, sufuria zinazong'aa, khanga zimeanikwa.

"Karibu kata mpya, Mheshimiwa," Abdulrazaq alisema, akimpa Jaji mkono ashuke. "Angalia miguu. Matope ya huku hayajui vyeo."

Purvi akamwendea mwanamke wa dungu la kwanza.

"Mama, unaishi hapa tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Watoto wanasoma wapi?"

"Wanavuka kwa mtumbwi."

"Na maji?"

Mwanamke akauonyesha mto kwa kidevu. "Kwani wewe waona nini pale, uji?"

Watu wakacheka. Abdulrazaq alicheka kuliko wote.

Majibu yalikuwa yamefundishwa, tena yakashikwa vizuri. Dungu la pili hivyo hivyo, la tatu na la nne hivyo hivyo. Jaji aliandika kila neno, na kwa maneno yale Ngulungu ilikuwa inakatwa vipande mbele ya macho ya Kudra.

Katika dungu la tano alikaa mjomba wake, Mshamu, kando ya sufuria isiyo na chembe ya masizi. Kudra akaacha kuandika. Mzee huyu ndiye aliyemlea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Hakumtazama. Akashusha sauti. "Wamesema asiyekuja anafutwa kwenye orodha ya mbegu za ruzuku. Nifanyeje?"

"Huyu ni mwenyeji hasa," Abdulrazaq akamwambia Jaji. "Muulizeni lolote."

Swali ambalo kamati haikulifundisha, Kudra alikuwa nalo tangu dungu la pili. Lakini kuliuliza hapa kulikuwa sawa na kumvuta maiti sanda. Mkaza mjomba wake, Mwanabaraka, alifariki mwaka jana, mwezi wa Shaaban. Kudra akaandika kwenye karatasi, akalikata jina, akaliandika tena, akampa wakili wake.

Purvi alisoma, akamtazama. "Una hakika?"

Kudra akaitikia kwa kichwa.

"Mzee Mshamu," Purvi alisema, "mkeo marehemu, Bi Mwanabaraka, amezikwa wapi?"

Mzee akaifunika sufuria.

"Mheshimiwa, huku ni kumchokoza mfiwa," Abdulrazaq akadakia.

"Ajibu," alisema Jaji.

Abdulrazaq akainama karibu na mzee, sauti laini kama ya muuguzi. "Sema tu, mzee wangu. Si yuko hapo nyuma, penye kichuguu?"

Mshamu akainua uso.

"Wewe ulimbeba," alisema. "Ulishika jeneza upande wa kushoto. Leo unamhamishia kwenye matope ya nguruwe?" Akamgeukia Jaji. "Yuko Ngulungu, nyuma ya msikiti. Huku hazikwi mtu, Mheshimiwa. Huku tunafukuza ndege. Mpunga ukikatwa tunarudi kwetu."

Jaji akarudi madungu yale manne, akauliza kila mmoja wafu wake wako wapi. Wote walionyesha kwa kidevu upande wa Ngulungu. Boti haijang'oa nanga, vijana wa kamati walikwisha anza kukusanya sufuria, na mwanamke wa dungu la kwanza alikuwa akivutana nao mfuniko.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tatu. Mpaka ulifutwa, Ngulungu ikabaki moja kwa uchaguzi uliokuwa ukija. Nje, Abdulrazaq akamfuata Kudra.

"Hongera, binti. Kusoma kuzuri. Sisi tutapima tena uchaguzi ukipita." Alisema bila hasira yoyote, kama fundi aliyekosea kipimo cha suruali. Kwa Kudra hilo lilinuka kuliko yote.

Jioni alikwenda kwa mjomba wake, akamkuta anachonga mpini wa jembe.

"Tumeshinda, mjomba."

"Nimesikia. Na jina langu wameshalifuta."

"Tutalifuatilia."

"Nalo mtampelekea Jaji?" Alicheka kidogo, akaendelea kuchonga. "Ungekuja kwanza hapa nyumbani kabla ya siku ile, Kudra. Ukaniambia nisiende."

"Usingekwenda?"

Mzee aliugeuza mpini, akaukagua pande zote.

"Ningekwenda," alisema. "Lakini ungekuja."

Akamsogezea kigoda. Kudra hakujiona anastahili kukikalia, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa mara ya pili.