Mbaazi za Mbegu na Upepo wa Magharibi

Vumbi liliamka kabla yangu kila asubuhi. Lilikaa juu ya mtungi, juu ya kope za ng'ombe, juu ya ulimi wangu nilipotaka kukuita, ewe upepo wa magharibi. Nimechoka kukuita. Ukiliita jina moja tangu Machi, hata sauti hukauka.

Najua unavyosafiri. Jua hulipiga bara letu la Hindi mpaka hewa yake inakuwa nyepesi, inapanda juu kama moshi wa jikoni, na pale ilipotoka panabaki pengo. Pengo hilo ndilo linalokuita. Unaondoka mbali, kusini mwa ikweta, unaivuka, dunia inayozunguka inakupinda mwendo, unapita pwani ya Afrika, unainywa bahari mpaka unakuwa mzito. Kisha unapanda milima ya Sahyadri, na milima inakukamua. Watu wa Konkan, upande wa bahari, wanaoga. Sisi wa Beed, nyuma ya mlima, tunapata matone ya mwisho. Nani alikutuma upite kwao kwanza?

Mwaka huu hata hukuwa wewe. Siku ilipoingia nyota ya Mriga, mwanzoni mwa Juni, ambayo babu zetu walisema ndiyo ya kupanda, mawingu yaliinuka jioni kutoka mashariki, yakanguruma, yakamwaga. Ilikuwa mvua ya joto tu, jasho la nchi yenyewe, haikuwa na bahari ndani yake. Lakini Mriga ni Mriga. Mume wangu akafunga ng'ombe kwenye jembe, nami nikafuata nyuma nikimimina mbegu kwa konzi, maana kwetu mbegu humiminwa na mkono wa mwanamke. Pamba ikachipua majani mawili mawili. Kisha kimya, na jua likaichoma yote.

Nimechoka, upepo. Nimechoka kutazama juu.

Zilibaki mbaazi za mbegu, chungu kimoja, tumezichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Muuza mbegu alishatuambia tusirudi dukani kwake bila kulipa deni. Kila siku tuliulizana: tupande au tungoje? Kila siku tukangoja. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na unga ukaisha.

"Mama Ujwala, pika," akasema mume wangu. Hakunitazama.

"Nipike nini?"

"Usijifanye hujui."

"Na mvua ikija kesho, Baba Ujwala, tutapanda vumbi?"

"Mvua! Hiyo mvua yako imeolewa Konkan, hairudi kwao."

Binti yetu akaweka kitabu chini. Kila mtoto wa Beed anajua: mavuno yakikosekana, baada ya sikukuu ya Diwali lori linakuja, nyumba nzima inapanda kwenda kukata miwa, na shule inabaki huku.

"Mama," akasema Ujwala, "nikila hizo mbaazi nitakuwa nimekula shule yangu."

Nikaosha majivu, nikabandika sufuria, harufu ikajaa nyumba. Ujwala alikaa ametupa mgongo. Kisha akasogea, akala, akalamba vidole. Njaa haina adabu.

Asubuhi ukafika, ewe upepo. Ulivuma kutoka upande mmoja, bila pupa, bila radi, na mvua ikateremka polepole kama mtu aliyekuja kukaa. Majirani walitoka wakipiga vigelegele, wengine wanakimbilia ng'ombe, wengine mbegu.

"Shevanta, toka bwana! Unajificha kama bi harusi?" jirani akaniita.

Nikatoka. Ulininyeshea, mzuri kuliko nilivyokumbuka. Nilitaka kukuchukia, nikakosa nguvu. Wewe huna kalenda. Una joto na pengo tu, ukiitwa unakuja. Ni sisi tuliokuwa na njaa.

Ujwala akaja kusimama kando yangu, nywele zimelowa, akitazama maji yanavyojaza mifereji mitupu ya shamba letu.

"Mama," akauliza, "muwa unashikwaje unapoukata?"