Tuko Salama

Kitendawili changu hiki hapa, wajukuu: wote huuliza, hangoji jibu hata mmoja. Msinipe mji bado. Kaeni nacho tu.

Mwanafunzi wa uuguzi alirudi bwenini siku ya Alhamisi, akitokea hospitali. Alijaribu kujiua, wakamuwahi. Mwenzake wa chumbani, waliyemwita Kasuku kwa kusema sana, alikuwa amemtandikia kitanda na kumfulia sare. Mlezi wa wanafunzi akasimama mlangoni na funguo zake.

"Uko salama, binti?"

"Niko salama."

Mende akamtoka binti mdomoni, mnene, amelowa mate. Mlezi hakumwona, alishageuka kabla ya jibu. Kasuku akachukua ufagio. Mende wa namna hiyo walikuwa wengi pale chuoni. Asubuhi, watu wakisalimiana, korido nzima ilichakarika.

Chumba cha ushauri kilikuwapo. Kilifungwa kwa kufuli, ndani mmetundikwa majoho ya mahafali.

Mwanafunzi mwingine alipojaribu naye, mlezi aliwakusanya wote ukumbini mbele ya wageni rasmi.

"Mko salama?"

"Tuko salama," waliitika kwa pamoja.

Mende wakamwagika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wageni wakakunja suruali. Mlezi alimbandua mmoja kwenye tai yake, akampangusia leso, akaendelea kusifu jina zuri la chuo na kukumbusha kwamba nguo chafu hufuliwa ndani. Baadaye wageni walikunywa chai, wakiwasukuma mende pembeni ya vikombe kwa vijiko.

Wiki iliyofuata chumba cha ushauri kilifunguliwa. Majoho yakatolewa, ikaingizwa mifagio mipya.

Mama wa yule binti alikuwa fundi cherehani. Chuo kilimwambia mwanawe aliugua malaria. Kila jioni alipiga simu mguu ukiendelea kukanyaga, akauliza hali, akajibiwa, akahamia kwenye umbea wa wateja. Binti alimtema mende kiganjani, akamtupa dirishani.

Jioni moja Kasuku alikaa mlangoni makusudi, kimya, jambo lisilo kawaida yake. Mchana ule binti alikuwa amemgawia viatu vyake vyote.

Simu ikaita.

"Niko salama, mama," binti akasema. Safari hii kiganja kilibaki kitupu.

"We mtoto," mama akasema, "mende katoka kwenye simu yangu. Kaangukia gauni la bibi harusi wa watu."

"Mpige ndala, mama."

"Nishampiga. Ananuka kama kitu kilichooza siku nyingi." Cherehani ikanyamaza. Haikuwahi kunyamaza wakati wa salamu. "Nimeutoa mguu, mwanangu. Nakuuliza tena, na safari hii nangoja. Uko salama?"

Kasuku alimtazama. Huko ng'ambo ya simu mama hakukohoa wala hakuongeza neno.

"Hapana, mama. Haikuwa malaria. Nilitaka kufa, na leo nataka tena. Njoo."